Mtoro Aliyeonekana Dirishani

Joyceline alidhulumiwa, tena na mtu aliyekuwa akimwona kila siku. Kwa siku kumi na tisa za kazi, Godfrey, afisa utumishi wa ofisi moja ya serikali mjini Korogwe, alimwandika mtoro katika daftari la mahudhurio, ilhali uwanja wa mafunzo ya mgambo ulikuwa mkabala na dirisha lake. Alimwandika, akanywa chai, akamtazama akipiga kwata, na mara mbili alimpungia mkono.

Wito ulikuwa halali. Joyceline, karani wa masjala, mzaliwa wa Dindira, mama wa watoto watatu wanaotegemea mshahara wake, aliitwa kwenye jeshi la akiba, na ruhusa ilitiwa saini na Godfrey huyohuyo. Lakini Godfrey aliliamini daftari kuliko macho yake: asiyesaini asubuhi hayupo. Siku ya ishirini akaandika barua ya kumfukuza kazi kwa utoro.

Hapo akakwama. Katika ofisi ile barua haitoki bila namba ya folio, yaani namba ya ukurasa wake ndani ya jalada, na namba huandikwa na karani wa masjala kwa mkono wake. Karani wa masjala alikuwa mtoro.

Saa nne asubuhi akavuka barabara, jalada kwapani.

"Dada Joyceline, samahani. Niwekee namba hapa, mara moja tu."

Joyceline alikuwa mguu sawa, macho mbele.

"Unaongea na kuruta wangu?" akauliza mkufunzi, Afande Benedicto.

"Namhitaji, afande. Kuna barua ya haraka."

"Inahusu nini?"

Godfrey akakohoa. "Inahusu kutokuwepo kwake kazini."

"Kwake nani?"

"Huyu hapa."

Mstari mzima ukatikisika kwa kicheko kilichobanwa. "Mzee, kamtafute kwanza," sauti ya kike ikatoka nyuma. "Tukimwona tutamwambia."

Afande hakucheka. "Kuruta, mguu pande. Mhudumie bosi wako."

Joyceline akalipokea jalada, akaisoma barua ya kumfukuza iliyokuwa juu. Akiandika namba, amejifukuza kazi. Akikataa, amemkaidi mkuu wake. Akafanya alilolizoea kwa miaka kumi na mmoja: akaifungua kwanza folio ya mwisho, ili ajue inayofuata.

"Folio ya arobaini na sita, bosi," akasoma taratibu. "'Karani ameruhusiwa kuhudhuria mafunzo ya mgambo hadi mwisho. Ahesabiwe yuko kazini.' Saini hii ni ya nani?"

Godfrey akaikodolea macho. "Inafanana na yangu."

"Basi hii ya leo nikiipa arobaini na saba, mkaguzi atazisoma zikifuatana. Niandike?"

Godfrey akaichomoa barua yake, akaikunja mara nne, akaitia mfukoni. "Endelea na kwata, dada."

"Wa kusema aendelee ni mimi," akasema Afande.

Godfrey, bila kuamriwa, akageuka nyuma kijeshi kabisa, akaondoka.

Baada ya kisa hicho, tangu tarehe 14 Oktoba 2024, kwa waraka wa ndani wa ofisi hiyo, mtumishi aliyeitwa mgambo huhesabiwa yuko kazini kuanzia siku ya wito, na nafasi yake haigusiki mpaka arudi.