Mama Arlys na Kadi za Ijumaa

Kwa miaka kumi na tisa Arlys Stensrud amefua jezi za timu ya futiboli ya Kimarekani ya chuo kimoja kidogo huko Minnesota, na mji mzima wa Halvard unamjua kama mama anayetoa damu na majani kwenye nguo nyeupe bila kuichubua. Lakini kazi aliyoipenda hasa haikuwa ya kufua. Kila Ijumaa mchana aliketi chumba cha mashine, miwani puani, akipachika kadi za mipango ya mchezo kwenye vikuku ambavyo vijana huvaa mkononi. Kadi zile hakuna mwingine aliyezigusa ila yeye na kocha.

Msimu ule walishinda mechi nne za kwanza, kisha wakapigwa nne mfululizo. Na si kupigwa kwa bahati mbaya, la. Corbin Vasek, kijana anayerusha mipira, akitaka kurusha, wapinzani wamesharudi nyuma wanaungoja mpira. Akimpa mwenzake akimbie nao, wamejazana mbele kama ukuta. Ungesema kuna mtu amewasomea barua.

Kocha Duane Kopecky akaanza kuona majasusi. Alifunika uzio wote kwa turubai jeusi. Akamfukuza mzee wa watu aliyekuwa akimtembeza mbwa wake. Akabadilisha ishara za mikono kila wiki, hadi vijana wenyewe wakawa hawajui wanaambiwa nini. Mwisho akasimama mlangoni kwa Arlys.

"Mama Arlys, yule Gordy wako bado anafundisha timu ya Brandvold, wapinzani wetu?"

"Bado."

"Mnaongea?"

"Ni mtoto wa kaka yangu, Kocha. Jumapili anakuja kula. Unataka nimlishie barazani?"

"Mnaongea nini?"

"Goti lake. Na mkewe. Zaidi mkewe."

Kocha hakucheka. Alilibeba boksi la kadi akalibana kwapani. "Kwa sasa nitazishika mimi. Na Jumamosi usisimame pembeni ya uwanja. Kaa jukwaani."

"Unaniita msaliti?"

"Sijasema hivyo."

"Umebeba boksi. Umeshasema."

Arlys alilia kidogo, mashine ikizunguka, asisikike. Halafu, jamani, ubaya wa shaka ni kwamba inaambukiza. Jumapili akamkazia macho Gordy alipokuwa akila viazi vya kuoka na nyama ya kusaga.

"Gordy, hivi mimi huwa naropoka?"

"Shangazi, wewe? Hata nambari ya jezi hujawahi kunitajia." Gordy akaacha kutafuna. "Kwani wamesema nini huko?"

Arlys akamwondolea sahani kabla hajamaliza.

Jumamosi akapanda jukwaani, mara ya kwanza tangu aajiriwe. Kila mtu alikuwa mshukiwa. Mwanamume mwenye darubini, mshukiwa. Mwanamke aliyekuwa akiandika kwenye daftari, mshukiwa zaidi. Arlys alijinyoosha akachungulia, akakuta orodha ya mayai na siagi. Nyuma yake alikaa baba wa mchezaji mmoja wa timu ngeni, karanga tele mdomoni, naye akapiga ukelele:

"Kapangusa huyo! Rudini nyuma!"

Corbin akarusha. Mpira ukadakwa na wageni.

Arlys alijua anapangusa nini. Corbin hutoka jasho la viganja hata theluji ikidondoka, na baada ya mechi ya nne Arlys mwenyewe, kwa huruma, alimshonea taulo dogo kwenye mkanda wa suruali. Sasa akatazama. Akipangusa, anarusha. Asipopangusa, anampa mwenzake. Mara kumi na moja, hakukosea hata moja. Pembeni, mahali aliposimama miaka yote, migongo ya vijana isingemruhusu kuona.

Walipigwa tena. Usiku ule alijiuliza anyamaze au aseme; akinyamaza atabaki msaliti, akisema atakuwa msaliti mwenye ushahidi. Jumatatu akaenda.

"Kocha, jasusi wako ni taulo la Corbin." Akamweleza.

Kopecky akatazama video za mechi tatu. Kisha, "Nani alimpa taulo?"

"Nilimshonea mimi."

"Kumbe ni wewe."

"Ni mimi. Ila si kama unavyotaka iwe."

"Litolewe leo."

"Usilitoe. Mwache apanguse, tena apanguse sana akiwa harushi."

Kocha akamkodolea macho. Mechi iliyobaki ilikuwa ya Brandvold, kwao Gordy. "Wazo hili ni lako, au la mpwa wako?"

"Likiwa la Gordy utapigwa mara ya sita. Si umeshazoea?"

Jumamosi Corbin akapangusa mikono kama anayetoka kula samaki. Brandvold wakarudi nyuma wote, na mwenzake akapita na mpira katikati, hakuna wa kumgusa. Vijana wa Halvard wakashinda ishirini na nne kwa kumi. Gordy alimtafuta shangazi yake jukwaani kwa macho, akamwona, asimpungie mkono.

Baadaye, katikati ya vigelegele vya vijana, kocha akamjia Arlys. "Msimu ujao kadi ni zako, Mama."

"Na ukipigwa mechi mbili?"

Kopecky akamtupia jicho Gordy ng'ambo ya uwanja.

"Basi tutazihesabu pamoja kila Ijumaa," Arlys akasema, "mbele ya shahidi. Na shahidi nitamchagua mimi."