Jiwe Nyuma ya Tairi

Kimanzi, fundi wa simu pale Voi, ni dereva hodari kuliko madereva wote wa Taita Taveta, mradi tu asiingie ndani ya gari. Akishafunga kibanda chake jioni, hukimbilia nyumbani, huketi kwenye kiti cha ofisi chenye magurudumu, hushika usukani wa plastiki alioufunga kwa skrubu kwenye meza ya kulia chakula, kisha hushindana mbio za magari mtandaoni na Mfini mmoja, Wabrazili wawili na kijana wa Poland asiye na adabu. Hiyo ndiyo ligi yake. Mkewe Lois na binti yao Lynn hula ugali sahani mapajani, kwa kuwa mezani pana mbio.

Ligi hiyo hukimbia kwenye barabara ambazo wachezaji wamezitengeneza wenyewe kwa kompyuta. Ya Kimanzi ndiyo inayosifiwa sana: barabara ya kutoka Mwatate kupanda hadi Mghange, huko milimani kwa wakwe zake. Aliipiga picha akiwa amepakiwa kwenye bodaboda, kisha akakaa mwaka mzima akiijenga kona kwa kona. Aliweka migomba, aliweka kingo za mawe, aliweka hata bati jekundu la kanisa la wakwe. Ng'ombe hakuweka. Watu hakuweka. Matuta aliyang'oa yote. Kona ya mwisho, ile kali chini ya kanisa, aliibatiza jina lake mwenyewe, na Wazungu wakajifunza kulitamka.

Leseni anayo, tusimwonee. Aliipata zamani kwenye shule ya udereva huku chini, kwenye uwanja ulio bapa kama chapati, na tangu siku hiyo hajagusa gari, kwa sababu hana. Lakini msikilize kibandani akikueleza jinsi ya kuingia kona! Debe tupu haliachi kuvuma, na hili lilikuwa likivuma kwa lugha mbili.

Kilichomuuma ni kimoja tu. Baba mkwe wake, Mzee Mwandawiro, mwalimu mkuu mstaafu anayejua majina ya watoto wote aliowahi kuwachapa, hajawahi kumwita kwa jina. "Yule wa Lois amefika." "Mpeni yule wa Lois chai." Miaka yote hiyo! Namcheka Kimanzi kwa mengi, lakini hapo simcheki. Mwanamume akienda ukweni anataka jina lake liende naye.

Siku moja alimpelekea mzee kompyuta, akamwonyesha mlima mzima. Mzee alivaa miwani, akalitambua bati la kanisa, akatazama tena.

"Na watu wako wapi?" akauliza.

"Baba, watu wanapunguza spidi."

Mzee akavua miwani, akaenda kukamua ng'ombe.

Basi ikafika harusi ya Rachel, mdogo wake Lois. Bibi harusi alipambwa saluni Voi, na kaka yao Vincent ndiye aliyekuwa ampandishe Mghange kwa gari lake. Asubuhi hiyo Vincent akaangushiwa kreti la soda mguuni, ukavimba ukawa kama kiazi kikuu. Alitaka kumpigia simu rafiki yake wa teksi. Kimanzi akasimama, akiwa na tai na suti, akanyoosha mkono kudai funguo.

"Shem, hii gari ni ya gia," Vincent akamwambia. "Si ile ya kompyuta."

"Vincent, hiyo barabara nimeijenga mimi."

Lois alisema polepole, "Baba Lynn, tafadhali." Lakini Kimanzi alishaona mbali: Mzee Mwandawiro amesimama mlangoni mwa kanisa, gari linasimama kwa madaha, na mzee anasema, mbele ya washirika wote, Karibu Kimanzi. Kwa picha hiyo angeendesha hata treni.

Haki yake tumpe: kutoka Voi mpaka Mwatate gari lilikohoa mara chache tu, na mlima ulipoanza, akawa mtu mwingine. Alijua kila kona kabla haijaonekana. Alipunguza mwendo mahali pa kupunguza, akakamata gia mahali pa kukamata. Vincent, mguu wake ukiwa juu ya mto wa kochi, aliacha kushikilia mlango. Rachel huko nyuma, shela imejaa hadi dirishani, akasema, "Kumbe shem unajua!" Lois, aliyeketi kando yake, aliacha kusali. Kimanzi akaanza kupiga mluzi.

Wakaifikia kona ya mwisho, ile yenye jina lake. Na hapo, barabara nzima ilikuwa imejaa watu.

Unajua desturi. Bibi harusi hapiti hivi hivi. Kina mama wa kwaya, wamevaa vitenge vya sare, walikuwa wamefunga njia kwa nyimbo na vigelegele, na mbele yao Mama Tryphena, kiongozi wao, alikuwa akicheza kinyumenyume. Pembeni walisimama wazee, na katikati ya wazee, Mzee Mwandawiro na fimbo yake. Kimanzi akafunga breki. Gari likasimama pale pale mlimani, pua ikiangalia juu.

Kina mama walipokwisha kushiba wimbo wao, wakapisha. "Twende, shem," Vincent akasema.

Sasa fikiria. Mtu huyu alikuwa ameupanda mlima ule usiku na mchana, mvua na jua, lakini katika barabara yake hakuna aliyewahi kusimama. Mbio hazisimami. Namna ya kung'oa gari la gia kutoka kwenye mteremko, hendibreki na klachi vikipeana zamu, hakuihitaji hata siku moja. Aliachia breki. Injini ikazima. Gari likaanza kurudi nyuma, polepole, kwa heshima, kisha likaacha heshima.

Rachel akapiga kelele. Vincent akapiga kelele. Kimanzi alikanyaga kila kilichokuwa chini, isipokuwa breki. Nyuma yao palikuwa na ukingo, na chini ya ukingo shamba la kabeji la jirani.

Ndipo aliposikia sauti ya baba mkwe wake ikipasua mlima wote:

"Kimanzi! Breki! Kimanzi!"

Mara mbili.

Mama Tryphena alishaokota jiwe, akalitupia nyuma ya tairi, gari likagota, likatulia. Rachel akafungua mlango, akashuka, akakusanya shela. Kwaya ikampokea na kuanza wimbo upya, akaenda kuolewa kwa miguu. Lois akamfuata bila kugeuka. Kimanzi alibaki ndani, ameshika usukani kwa mikono miwili, na nasema wazi, alilia.

Jumamosi iliyofuata, Vincent alifika Voi akichechemea, mkononi ana mfuko. "Mzee amekutumia hii," akasema, akaondoka haraka, maana kicheko kilikuwa kinamsumbua.

Lilikuwa ni lile jiwe. Limeoshwa likatakata, na juu yake, kwa rangi nyeupe na mwandiko mzuri wa ubaoni, mzee alikuwa ameandika: KIMANZI.

Kimanzi alilishusha sakafuni, karibu na kiti chake. Kisha wakati wa mbio ukafika, Mfini na wenzake wakawa wanamwita, na kile kiti chake, kila akikanyaga pedali ya breki chini ya meza, kina tabia ya kurudi nyuma. Alilisukuma jiwe kwa mguu mpaka nyuma ya gurudumu la kiti, jina likielekea ukutani.

Lois alipita na sahani yake ya ugali. Aliinama, akaligeuza jiwe ili jina lionekane, akaenda zake kula.