Ushuhuda wa Banza

Jirani yangu Orpa alivunjwa mkono na mumewe, na hapa kwetu Shituru, mjini Likasi, watu wote wakakubaliana kwamba alianguka. Mumewe, Banza, ananunua mawe ya kobalti ya wachimbaji kule Kakanda. Alisema mkewe ameteleza bafuni, na polisi wakaandika bafuni. Nyumba yenyewe haina bafu, ina ndoo nyuma ya mabati. Lakini mimi Gertrude ni nani hata nimfundishe polisi kazi?

Nikamchukua kwangu, yeye na wanawe wawili. Basi wageni wakaanza kumiminika. Pasta Isidore wa kanisa lao la maombi alikuja na mkewe, Mama Stéphanie, aliyevaa gauni la mikono mirefu katika joto lile la mwezi wa kumi. Pasta akatueleza kwamba anayepiga si Banza, ni pepo. Nikamuuliza mbona pepo huyo hungoja bei ya kobalti ishuke ndipo apige. Akasema sisi Wakatoliki hatuna macho ya rohoni.

"Ndoa ni kuvumilia, mama," Mama Stéphanie akamwambia Orpa, huku akivuta mkono wa gauni lake.

Aliyetusaidia kweli ni avoka Plamedie, anayewatetea wanawake bila malipo. Alimpeleka Orpa kwa daktari, karatasi ikapatikana, kisha akapeleka ombi la talaka kwa jaji. Akamwonya, "Usirudie kule peke yako, hata juu ya kutwaa nguo." Lakini hakutuficha kitu: karatasi inasema mfupa umevunjika, haisemi na nani. Bila shahidi, Banza angesema bafuni, na ukoo mzima ungemrudisha Orpa kwake siku hiyohiyo. Nilikasirika hata chakula kikanishinda.

Sasa, walokole wana desturi moja ambayo hata mimi naipenda: ushuhuda. Mtu akitendewa jambo na Mungu, anashika mikro na kusimulia tangu mwanzo, na dhambi ikizidi ukubwa, utukufu nao unazidi. Aliyeiba kuku hasikilizwi. Jumapili moja Pasta akamwita Orpa aje aone jinsi mumewe alivyobadilishwa. Nikamsindikiza, nikakaa kati yake na njia.

Banza akapanda jukwaani na suti mpya.

"Bandugu, shetani alinitumikisha," akaanza. "Nilimupiga bibi yangu na mwiko ya bukari mupaka mwiko ikavunjika."

"Haleluya," kanisa likaitikia.

"Nikamukunja mukono, nikasikia mufupa inalia."

"Haleluya."

"Na polisi nikabadanganya, nikasema alianguka mu duche."

"Amina," wakasema, na Pasta akapiga makofi kuliko wote. Orpa alinishika goti kwa mkono wake mzima. Mimi nilikuwa naitazama kamera ya kanisa.

Kabla hatujafika nyumbani, Pasta mwenyewe alikuwa ametuma video kwa waamini wote, na maneno chini yake: Tazameni Bwana alivyotenda. Plamedie aliitazama mara mbili, akavua miwani, akacheka mpaka machozi.

Kule tribinali, mbele ya jaji, video ikaonyeshwa, na Banza akaulizwa kama maneno yale ni yake. Akamgeukia Pasta aliyemsindikiza. Akikana, amedanganya mbele ya Mungu na kanisa zima. Akikubali, habari ya bafuni imekwisha. Pasta akatazama viatu vyake.

"Ilikuwa shetani," Banza akasema mwishowe.

"Shetani haiko na adresi hapa Likasi," jaji akamjibu. "Weye uko nayo."

Akaamuru Orpa akae na watoto mahali pake mwenyewe kesi ikiendelea, na Banza asikanyage mlangoni pake. Habari ya mkono ikaenda kwa mwendesha mashtaka. Mdomo uliponza kichwa.

Orpa amepanga chumba ng'ambo ya reli. Bado anageuka nyuma akitembea, sitawadanganya, lakini juzi nilimsikia akicheka na wanawe, nami nikafurahi. Kanisani Pasta ametangaza kwamba tangu sasa ushuhuda ni wa uponyaji na safari tu.

Ijumaa Mama Stéphanie alikuja kwangu peke yake. Nilidhani amekuja kunilaani, nikajiandaa kumjibu. Akakaa, akanywa maji, hata sala hakuanzisha. Kisha akakunja mkono wa gauni mpaka kwenye kiwiko, nami nikaona michubuko.

"Mama Gertrude," akaniuliza, "kule kwa tribinali, mulipitaka mulango gani?"