Data zilisema mtaa wetu wa Newala hauna mbangua korosho hata mmoja

Wakuu, salaam kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe hapa Newala. Chai nimewaachia wenye migahawa.

Mwaka jana nilipata kibarua cha kukusanya taarifa. Nyumba kwa nyumba na kishikwambi, namuuliza kila mtu anafanya shughuli gani. Lengo zuri kabisa: fedha za mafunzo ya ufundi ziende kwenye kazi ambazo watu wa hapa wanazifanya kweli, siyo kila mwaka cherehani.

(Cherehani tunazo mpaka kuku wanatagia juu yake. Sitanii.)

Nikafika kwa Mama Somoe, mdogo wake mama yangu mzazi. Uani moshi wa korosho umetanda. Mikono yake myeusi mpaka viwikoni kwa yale mafuta ya maganda yanayounguza ngozi.

"Shikamoo mama mdogo. Unafanya shughuli gani?"

"Marahaba mwanangu. Andika nimekaa tu."

Nikacheka. "Na moshi huo?"

"Nikisema nabangua, kesho analetwa mtu wa ushuru. Andika nimekaa."

Utaratibu ni kuandika jibu la mtu, nikaandika. Mtaa mzima hivyo hivyo! Kila ua unafuka, kila mama amekaa tu.

Iliniuma, maana kilio cha mama mdogo cha siku zote ni kufundishwa mashine ya kubangulia, aache kuungua.

Ukaja mkutano wa mtaa. Ofisa aliyetutuma kukusanya taarifa akasoma: wabanguaji, hakuna. Kwa hiyo fedha zinapendekezwa ziende kwenye ushonaji.

Nikamtazama mama mdogo, kaficha mikono ndani ya kanga. Moyoni nasema, sema basi jamani!

Akasimama.

"Mwenyekiti, mnisamehe. Nilidanganya. Niliogopa ushuru." Akaitoa mikono, akainyoosha mbele ya watu.

Ofisa akaitazama weee, kisha akauliza kama kuna wengine. Hakuinuka mtu, wakuu. Ushuru unaogopwa huku, acha kabisa.

Akasema kwa mtu mmoja hawezi kubadilisha kitu, ila mtaa urudiwe kabla hawajafunga taarifa.

Safari hii mama mdogo akanitangulia mlango kwa mlango. Jirani yake wa kwanza akaanza, "Mimi nimekaa tu..."

"Nyoosha mikono," mama mdogo akamwambia.

Akanyoosha. Wakacheka mpaka machozi, nami nikaandika mbanguaji. Mtaa mzima tulikwenda hivyo.

Fedha zikaelekezwa kwenye ubanguaji. Sasa hivi wako kwenye mafunzo, na mashine wanazishika wenyewe. Nilifurahi mpaka nikajishangaa.

Mtu wa ushuru bado hajaonekana. Mama mdogo anasema akija atamkuta kazini.

Nilichojifunza: ukiificha kazi yako, usilaumu fungu likipita mlangoni kwako likaenda kwa mwenzio. Na sisi wakusanyaji tuwaeleze watu mapema taarifa zao zinakwenda wapi, hofu ipungue.

Haya, wa Tandahimba, Chiwata, Masasi na kwingineko, kwenu mlipoulizwa mlijibu nini?

Na asije mtu hapa kuniambia amekaa tu.