Msiba wa Pampu

Kabla Maduhu hajafungua mdomo, sisi wanawake tulikuwa tumeshashika vichwa. Miaka kumi na tisa mtu huyu alipita na baiskeli yake, kipaza sauti kimefungwa kwenye usukani kwa mpira wa tairi, akitangaza vifo kuanzia mashambani kwetu nje ya Kharumwa mpaka kwenye maduara, kule vijana wanakofukua dhahabu. Na sauti yenyewe! Nzito, ya polepole, kama mtu anayeongea akiwa chini ya kisima. Nimeiona kwa macho yangu ikimtoa kuku kwenye mayai. Mwaka mmoja ilipita kando ya shamba la mtama la Nasibu, mtama wote ukainamisha vichwa na haukuviinua tena mpaka mavuno. Anayebisha akamuulize Nasibu. Amehamia Bugarama, lakini nauli si kubwa.

Yeye mwenyewe ni mtu mpole, tena wa mzaha, ila nani atataniana na mtu wa vifo? Akiingia dukani, Mwanaima mwenye duka humuuliza "Kafa nani?" kabla hajampimia sukari. Siku alipomwoza binti yake Aneth, alisimama kuwakaribisha wageni. Alisema "Ndugu zangu" tu, basi. Tulilia mpaka bwana harusi akauliza kama kuna jambo amefichwa.

"Mayo," aliniambia jioni ile tukikusanya viti, maana kwetu ndivyo mama anavyoitwa, na mimi namzidi miaka ishirini na ushei. "Mayo, ningepata siku moja tu. Nifungue mdomo, watu wacheke. Hata nikifa kesho yake."

"Ukifa, nani atatangaza?"

Akatabasamu, lakini kwa midomo tu. Nikajuta ulimi wangu.

Ukaja uchaguzi wa mwenyekiti wa kitongoji. Waligombea wawili. Sostenes, mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu, alikuwa na lori lenye spika kubwa kama milango ya kanisa. Paskalia, Mama Dorah, alikuwa na cherehani moja na mdomo usiojua kubembeleza. Wakulima walikuwa wa Paskalia, watu wa karasha walikuwa wa Sostenes. Katikati zilikuwapo nyumba sitini hivi za kando ya barabara: wake wa wachimbaji kutoka Kigoma na Singida, mama lishe, wauza mitumba, na vikongwe wenye meno mawili kama mimi. Sisi hatukuwa na upande. Tulikula pilau ya huyu tukiwa tumevaa fulana ya yule, na tukiulizwa tulijibu, "Tunaangalia kwanza." Kila mtu alijua kwamba sisi ndio tutakaoamua.

Paskalia hakuwa na lori. Akamwendea Maduhu, na Maduhu akakubali kabla mama wa watu hajamaliza salamu. Hatimaye tangazo lisilo na maiti! Esta, mkewe, anasema siku hiyo alifanya mazoezi mbele ya mbuzi mpaka mbuzi wakagoma kula.

Jumatatu asubuhi akapita. "Ndugu wananchi. Paskalia Bartholomeo. Mkazi wa kitongoji hiki. Fundi cherehani. Mama wa watoto watatu..."

Maneno hayakuwa na kosa. Lakini sauti ile ikishataja jina la mtu, kazi yake na watoto wake, wewe unasubiri nini tena? Hakuna aliyesubiri. Majembe yalianguka. Kwetu tangazo la kifo likipita hakuna anayelima. Mwanamke anabeba kuni, anabeba maji, anabeba unga, anakwenda, maana asiyekwenda, siku yake atajizika mwenyewe. Saa nne ua wa Paskalia ulikuwa umejaa. Ghati, mama lishe aliyetoka Tarime, mwanamke mwenye mikono kama nguzo, alikuwa amejitupa chini.

"Paskalia weee! Na gauni langu la Krismasi umemwachia nani!"

Paskalia akatoka ndani, futi ya kupimia ikiwa shingoni. "Ghati, gauni lako lipo. Limebaki mkono mmoja."

Wawili walizimia. Mimi niliruka uzio wa minyaa, na miaka yangu hii sabini na minane, na chini yangu angepita ng'ombe na pembe zake.

Jioni lori la Sostenes likapita likipiga kelele, "Mchagueni aliye hai!" Watu walicheka, naam. Lakini hicho sicho kicheko alichokuwa anakitafuta Maduhu.

Kesho yake alikuja kwa Paskalia akiikokota baiskeli. Zilikuwa zimebaki siku tano kabla ya kupiga kura. Sisi tulikuwa bado tupo pale, kwa sababu unga wa msiba haurudishwi nyumbani, ilibidi tuumalize. Hakutaka hata kukaa.

"Mama Dorah, nisamehe. Tafuta mtu mwenye sauti ya harusi."

"Wenye sauti za harusi wote wako kwenye lori la Sostenes."

"Mimi nimekuua."

"Umeniua wapi? Tangu jana nasonga ugali wa watu themanini. Marehemu gani huyo mwenye kazi zote hizi?"

Ghati akafuta mikono. "Sikiliza, shemeji. Unadhani jana tulilia kwa sababu ya sauti yako? Tulilia kwa sababu hujawahi kutudanganya. Lori la Sostenes limesema wiki nzima kwamba maji yanakuja. Umeona mtu kainua ndoo? Wewe umetaja jina tu, watu wamebeba kuni tangu ng'ambo ya mto."

"Sasa nifanyeje?"

"Tangaza kilichokufa kweli."

Sijui nani alianza, shingo zote zikageukia barabarani, kwenye pampu ya kisima. Miaka miwili haikuwa imetoa tone. Mkono wake ulikuwa umesimama juu, buibui wamejenga kwapani, nasi tukichota lambo moja na ng'ombe.

Maduhu akakaa. "Nipeni kalamu," akasema.

Hapo ndipo nilipomjua mtu huyu. Tulimrushia maneno kama tunamrushia kuku mahindi, naye akachagua punje moja moja. Ghati alitaka iandikwe kwamba ndugu wa Sostenes alikula mchango wa matengenezo.

"Ulimwona akila?" Maduhu akauliza.

"Nilisikia."

"Mimi sitangazi kifo kabla sijaona maiti."

Paskalia akasema, "Andika kwamba nitaleta bomba kila nyumba."

"Hayo mabomba unayo?"

"Sina."

"Una nini?"

Paskalia akaivua futi shingoni, akaikunja. "Sina kitu. Nikiwa mwenyekiti nitaweza kuitisha kikao tuchange. Basi."

"Hilo naliandika."

Nikasema aweke kwamba pampu imeacha wajane mia tano, wajane wakiwa wengi msiba unanoga. Alinitazama kama nimemtukana babu yake. Akainuka, akapita zile nyumba sitini moja moja, akihesabu kila mwanamke anayekwenda lambo na ndoo. Alipiga hodi hata kwa watu ambao kwa miaka kumi na tisa walikuwa wakifunga mlango wakimwona. Kisha akapanda baiskeli hadi Kharumwa kumuuliza Thobias, fundi wa pampu. Alirudi jua linazama, miguu vumbi mpaka magotini.

Asubuhi ya Jumatano alisimama kando ya pampu yenyewe. Nilijua anachokitafuta, na nilijua kwamba akikikosa leo hatakitafuta tena.

"Tangazo la kifo," akaanza, na nyumba zote sitini zikatoa watu, mikono kichwani.

"Wakazi wa kando ya barabara wanasikitika kutangaza kifo cha mpendwa wao, Pampu ya Kisima, kilichotokea miaka miwili iliyopita baada ya kuugua mpira wa ndani. Marehemu ameacha wajane mia moja themanini na wanne, pamoja na punda tisa."

Hakuna aliyecheka. Wanawake walisimama mikono ile ile kichwani, hawajui waishushe au waiache. Maduhu akaendelea.

"Habari ziwafikie wote wanaokunywa lambo moja na ng'ombe. Mwili bado uko barabarani. Fundi Thobias ameambiwa dalili zote, anasema marehemu akipata mpira mpya anaweza kufufuka. Paskalia, fundi cherehani, ambaye yu hai..."

"Uwiii!" Ghati akajibwaga chini, akaikumbatia ile pampu. "Mume wangu! Umeniacha na punda!"

Kicheko kikaanzia kwa wauza mitumba. Kikapita kwa wake wa wachimbaji, kikavuka barabara, kikarudi. Mzee mmoja jino lake la mwisho lilimtoka, hatujaliona hadi leo. Wanawake walileta ndoo, wakazipindua mbele ya pampu kama watu waliokaa matanga, wakacheka mpaka wakashikana mabega.

Na Maduhu? Alijaribu kuendelea. "Anaomba kura yenu apate kui... kuitisha..." Akashindwa. Mtu aliyekiliza kitongoji kizima miaka kumi na tisa alikuwa analia, tena kwenye kipaza sauti, ikasikika mpaka kwenye maduara. Watu wakadhani ni sehemu ya tangazo, wakazidi kucheka. Mimi sikuwaambia. Nilimshikia baiskeli.

Alipita hivyo siku nne, na mchana wa tatu hata dereva wa lori la Sostenes alizima muziki ili asikilize. Paskalia alishinda kwa kura ishirini na saba. Kura yangu ni siri, ila fulana ya Sostenes naipigia deki.

Wiki iliyofuata bibi mmoja wa kwetu alifariki kweli, na Maduhu aliogopa kwamba watatu watalia na mia watacheka. Akaacha kipaza sauti nyumbani, akaenda kwa miguu mlango kwa mlango. Walimfungulia, wakamtazama usoni, wakaelewa. Mazishi yalijaa.

Juzi nilikuwa kibandani kwa Ghati nikinywa uji. Maduhu akapita na baiskeli. Ghati akamsimamisha kwa mwiko.

"Shemeji! Leo ni kulia au kucheka?"

"Leo ni njaa tu."

Wachimbaji waliokuwa kwenye benchi wakajisogeza, akakaa katikati yao. Ghati akampakulia wali na maharage. Akala, kisha kwa sauti ile ile ya makaburini akaanza kuwasimulia kisa cha mbuzi wake aliyekula kadi ya kupigia kura. Kijana mmoja alicheka mpaka wali ukamtoka puani, na Maduhu akamsubiri amalize kukohoa ndipo aendelee.