Panya wa Kijivu Mwenye Masikio Marefu

Siku yangu ya kwanza katika nyumba ya panya, mwenye mkokoteni aliyetuletea maranda ya kuwatandikia aliniambia jambo nikalimeza zima: mji ukiingia moshi wa vita, panya wa rangi tofauti wakiwa sanduku moja watamalizana. "Wananusa, jamaa yangu," akasema. "Mweusi ndiye huanza." Nilimwamini kuliko walimu wangu wote wa shule ya usiku, na hao walinitoa na cheti.

Maabara yetu ilikuwa Eldoret, upande wa Kimumu. Panya walikuwa wengi kuliko watu wa mtaa mzima wa Pioneer, na hapo sijatia chumvi nyingi. Msimamizi, Mama Njeri, alinivisha koti jeupe lililofika magotini akanionyesha kadi iliyoning'inia kwenye kila sanduku: mama, baba, siku ya kuzaliwa. "Baba Achieng, hapa sura inadanganya," akasema. "Soma kadi."

Daktari Mkuu, bwana mpole aliyeongea na panya kuliko alivyoongea nasi, alinifundisha mengine. Jeni moja hufifisha manyoya, mweusi akatoka wa kijivu. Jeni nyingine hufupisha masikio. Hizo mbili zimekaa karibu sana, kama punje jirani kwenye gunzi la mahindi, kwa hiyo mtoto huzirithi pamoja. Wao huita hali hiyo muungano wa jeni. Katika ukoo ule, wa kijivu alizaliwa na masikio mafupi, mweusi na marefu. Tulichotafuta ni mtoto ambaye jeni zake zimeachana.

Mama Njeri alitafuta miaka. Aliinua watoto mmoja mmoja kwa mkia, akaangalia, akaandika, akarudisha. Halafu Desemba ile ya uchaguzi akapiga kelele nikadhani ameumwa na nyoka. Dume mmoja wa kijivu, masikio marefu! Daktari Mkuu alikuja mbio na kiatu kimoja. "Huyu asiguswe," akasema. "Akikomaa tumpe jike. Bila watoto wake hatuna kitu." Wakamwacha na ndugu zake wanne, wote weusi.

Alipokaribia kukomaa, matokeo yakatangazwa, na mji ukawaka.

Sitaki kusimulia yote. Mama Njeri, wa kabila lililowindwa, alikimbilia kituo cha polisi na watoto wake, nyumba yao ikabaki majivu. Daktari Mkuu alikwama Nairobi. Mimi, mtu wa upande wa ziwa, niliweza kupita, na simu ya Mama Njeri ilinikuta nimesimama mlangoni na gunia la chakula.

"Baba Achieng, wako hai?"

"Wako, Mama. Wewe je?"

"Niko. Walishe, wape maji. Usihamishe hata mmoja. Umenisikia?"

"Nimesikia."

Nilisikia, kweli. Lakini asubuhi ile, pale kwenye kizuizi cha barabarani, vijana walikuwa wameshika kitambulisho changu wakisoma jina wajue kabila, wakaniambia nipite, wakamweka kando mtu aliyekuwa nyuma yangu. Nilipita bila kugeuka. Nilifika kazini, nikaona moshi dirishani, nikamkumbuka mtu wa mkokoteni. Nikawatenga panya kwa rangi. Weusi huku, wa kijivu kule. Yule dume nikampeleka sanduku la madume wa kijivu, nikajisifu kwamba nimemwokoa.

Kesho yake nikamkuta kwenye maranda, mgongo umechanwa, amekufa. Ndugu zake weusi, niliowaacha sandukuni mwao, walikuwa wamelala wamelaliana kama soksi kwenye droo. Nilikaa sakafuni. Sijui nilikaa muda gani, ningesema mwaka.

Mama Njeri aliporudi baada ya wiki nyingi, nilimwambia baridi ndiyo iliyomuua. Hakulia. Alivaa koti, akachukua sanduku la kwanza, akaanza tena kuinua watoto kwa mikia. Aliendelea hivyo miaka yote niliyokuwa pale, na hakupatikana mwingine.

Siku ya kustaafu walinipa keki, saa ya ukutani na hotuba ndefu kuliko barabara ya Kitale. Nilimvuta Mama Njeri kando, nikamweleza yote: simu, kizuizi, mtu wa mkokoteni, rangi.

Alikuwa ameshika kisahani cha keki.

"Miaka yote hii?" akauliza.

"Nilifikiri akiwa na wenzake wa rangi yake atapona, Mama."

Akaweka kisahani chini. "Panya dume hamjui mwenzake kwa rangi, Baba Achieng. Anamjua kwa harufu. Wale weusi alinyonya nao, wasingemgusa. Ulimpeleka kwa wageni."