Baba Mkwe na Nyama ya Wagonjwa

Ukiingia kwenye bucha ya baba mkwe wangu ukasema unataka kilo moja, hakusikii. Anaendelea kufuta kisu kwenye koti lake, ambalo zamani lilikuwa jeupe, kisha anakuuliza, "Unakula na nini?" Ukimjibu wali, anakukatia mbavu, kwa sababu wali unataka mchuzi na mchuzi unataka mfupa. Ukimwambia viazi vya kukaanga, anashusha paja kutoka kwenye ndoano na kukukatia steki nyembamba, huku akikuonya usiigeuze kwenye kikaango zaidi ya mara moja. Ukisema hujui, anakwambia rudi nyumbani ukaulize, na hatanii. Nimemwona kwa macho yangu mama mmoja mwenye haraka zake akirudishwa hivyo. Aliondoka amenuna, na baada ya nusu saa akarudi na jibu.

Sarara, ile nyama laini ya mgongoni isiyo na mfupa wala mshipa, huiweka nyuma kabisa ya friji. Ukimwomba, anavaa uso wa msibani, anakufungia polepole na kukuuliza, "Mgonjwa anaendeleaje?" Kwake yeye sarara ni chakula cha watu waliolazwa. Mtu mwenye afya zake anakula kidari, nyama ya kifuani yenye mafuta na gegedu, iliyokatwa nene, ikatiwa chumvi tu na kuchomwa kwenye moto mkali, ikaletwa mezani na kitunguu kibichi na pilipili. Basi. Viazi, kwa maoni yake, viliumbwa kujazia sahani.

Alianza kazi akiwa kijana, akibeba mapaja ya ng'ombe mabegani kutoka machinjioni hadi kwenye bucha za watu wengine. Alipopata kidogo akanunua gogo na shoka, akapanga chumba chenye dirisha la wavu, akaanza kuuliza watu wanakula na nini. Miaka thelathini na minane sasa. Friji ilikuja baadaye sana, na friji ndiyo iliyonileta mimi. Mimi ni fundi umeme. Iliharibika, nikaitwa, na binti yake akawa ananishikia tochi. Kazi ilikuwa ya saa moja, nikaifanya siku tatu, wala sijuti.

Siku ya kwanza kula kwao niliulizwa napenda nyama gani, na mimi kwa ujinga wangu nikasema ukweli: sarara, na viazi vya kuponda pembeni. Mzee aliweka uma chini. Alimtazama binti yake kama mtu aliyeuziwa redio mbovu. Tangu siku hiyo jina langu ni Mgonjwa, na kwa miaka sita ya ndoa yetu sijawahi kupona. Kila Jumapili alikuja kwetu na mama mkwe, nyama ikiwa mkononi mwake: kidari chake, mbavu za mama mkwe, steki ya paja ya mke wangu anayeipenda na vitunguu vilivyokaangwa hadi vikawa vyekundu, na kifurushi kidogo cha sarara alichonikabidhi kwa pole. Nilimlalamikia sana, lakini niseme wazi kwamba nilimpenda. Jumapili bila maneno yake ilikuwa siku ya kufua nguo tu.

Kisha nikaharibu. Jumapili moja nilikuwa nimewaalika mafundi wenzangu wawili, na mzee, alipoona ana hadhira, akauliza mbele yao kama Mgonjwa aletewe kijiko. Uvumilivu ukaniishia. Nikamwambia, "Na wewe baba, siku moja meno yatakugomea." Watu walicheka, na yeye akacheka, ila kwa ufupi. Alibakiza nusu ya kidari chake. Jumapili iliyofuata mama mkwe alikuja peke yake na nyama, akasema mzee anahesabu mali dukani. Ya pili, mgongo unamuuma. Ya tatu hata sababu hakutuma.

Mke wangu aliendelea kumwekea sahani. Kila Jumapili aliiweka, akaingoja, akairudisha kabatini ikiwa kavu, na mimi nikaona afadhali angenirushia. Baba yake huyu aliwahi kuja kwetu na homa, amejifunga blanketi, kwa sababu ilikuwa Jumapili. Sasa alikuwa hataki hata kuona mlango wetu, na sababu ni ulimi wangu.

"Umemfukuza baba yangu," mke wangu aliniambia. "Nenda kamrudishe. Asipokuja Jumapili hii, mimi nitakwenda kula kwao, na wewe utajua la kufanya na hiyo meza."

Siku ya pili yake nilichukua mkoba wangu wa kazi, nikajifanya nakwenda kukagua friji. Ilikuwa mchana, wateja hakuna, na mzee hakuwepo mbele. Kutoka chumba cha nyuma nikasikia mashine ya kusaga nyama. Nilipiga hodi na kuingia kwa pamoja, kama tulivyozoeana.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, shavu la kushoto limevimba. Kwa mkono mmoja alikuwa anazungusha mpini wa mashine, kwa mwingine anatumbukiza vipande vya kidari. Kidari kilichochomwa tayari, cha moto, na kitunguu chake. Chini ya mashine kulikuwa na bakuli, na ndani ya bakuli kijiko. Tulitazamana. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku mpini ukiendelea kuzunguka.

Alinieleza kwa sauti ndogo. Magego mawili yameng'olewa, mengine mawili yanangoja zamu. Siku ile nilipomjibu mezani, gego lilikuwa limeanza kumuuma hapohapo, akadhani nimemwona akilihamishia tonge shavu la pili. Hakunikasirikia hata kidogo.

"Miaka yote hii nawauliza watu hali ya mgonjwa," alisema. "Leo nikae mbele ya binti yangu na kijiko? Siwezi. Na wewe usimwambie."

Nilitaka kucheka, nikashindwa, kwa sababu macho yake yalikuwa yamelowa. Nikamwambia sitasema neno, ila aje Jumapili na alete nyama ileile kama kawaida. Akauliza atakula nini. Nikamwambia aniachie mimi.

Alikuja. Mke wangu aliweka sahani mezani bila kunitazama. Nyama ilipoletwa, nikasimama, nikajikohoza, nikatangaza kwamba nimefikiri sana na nimeona baba alikuwa sahihi siku zote: mwanamume wa kweli anakula kidari. Nikavuta sahani yake kwangu, nikamsogezea yangu yenye sarara na viazi vya kuponda, nikamwomba anisaidie kuimaliza isije ikatupwa. Mzee alishusha pumzi kwa manung'uniko, akasema atajitolea kwa leo tu.

Nikatafuna. Ndugu zangu, nilitafuna. Mama mkwe alimaliza mbavu zake, akaosha mikono, akarudi, mimi bado niko kwenye kipande cha kwanza, taya zinalia kama bawaba kavu. Upande wa pili wa meza mzee alikata sarara kwa uma peke yake, akaichovya kwenye viazi, akafumba macho. Mke wangu alimtazama baba yake, akatazama shavu lake, akanitazama mimi na mashavu yangu yaliyojaa. Kisha akachukua bakuli la viazi na kumwongeza baba yake bila kumuuliza, na chini ya meza mguu wake ukaja ukakaa juu ya wangu.

Jumapili iliyofuata tulikuwa bado tunafagia. Viazi vilikuwa havijamenywa na viti vilikuwa bado vimepandishwa juu ya meza. Mke wangu alifungua mlango atoe taka, akamkuta baba yake ameketi kwenye ngazi, kifurushi mapajani, saa mbili nzima kabla ya chakula. Alimuuliza kwa nini hakubisha hodi.

"Niliona bado ni mapema," mzee akasema. "Lakini nyumbani nilishindwa kukaa."